Unywele Mmoja Kushoto

Kabla ya kuwasha kompyuta, Mwalimu alikata kucha. Za mkono wa kushoto alizikata hadi mwisho, kisha akapitisha ncha za vidole kwenye shingo ya gitaa kuona kama ipo inayokwaruza. Za mkono wa kulia alizipunguza zote isipokuwa ya kidole cha shahada, ambayo aliisugua kwenye ubavu wa kiberiti mpaka ukingo wake ukawa laini. Halafu akachukua kipande cha khanga kuukuu akaanza kufuta nyuzi, uzi baada ya uzi, ameubana katikati ya kitambaa na kuuvuta kutoka kwenye daraja hadi kichwani.

Nilikuwa nimemletea seti ya nyuzi mpya. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka juu ya kabati.

"Mpya zina kelele ya bati, mwanangu. Hupigwa kwanza wiki mbili, ndipo zikafae kurekodi."

Nilifika kwake Magomeni saa nne asubuhi nikitarajia kumwona mtu akirekodi solo ya wimbo. Kurekodi kwenyewe kulikuja kuchukua dakika zisizofika kumi, tena jioni. Saa nyingine zote zilikwenda kwenye sauti. Noti alikuwa nazo kichwani tangu juzi; alichokuwa hajakipata ni gitaa hilo lisikike vipi ndani ya wimbo huo.

Chumba chake cha kazi kilikuwa chumba cha watoto kabla hawajaoa na kuolewa. Kuna meza, spika mbili ndogo juu ya matofali, kompyuta ya mkononi iliyong'oka herufi mbili, na kwenye kona kasha la amplifaya alilopigia dansi miaka mingi kwenye kumbi za Dar es Salaam. Koni zake zimechanika, waya wake wa umeme umekwenda kufungia kitu kingine, na juu yake ameweka feni. Amplifaya anayotumia sasa haina koni, haina waya na haina uzito. Ni programu: hesabu zinazojifanya mashine.

Alianza na bisibisi. Pikapu za gitaa (sizo zile za kubebea mchanga) ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme kidogo sana huzaliwa kwenye waya. Sumaku ikiwa karibu mno na nyuzi, sauti inakuwa nene na uzi wenyewe huvutwa, noti haidumu. Ikiwa mbali, sauti inapwaya. Mwalimu alizungusha skrubu robo mzunguko, akapiga uzi wa kwanza, akapiga wa sita, akazungusha tena kidogo upande mwingine. Hakuwa ameunganisha waya wowote bado. Alikuwa anapima kwa jicho na sarafu, kiasi anachokijua tangu zamani, na kwa jinsi uzi ulivyotulia baada ya kupigwa.

Ndipo akaleta kadi ya sauti, kisanduku kisichozidi kitabu kidogo, kinachokula umeme wa kompyuta yenyewe. Akachomeka jeki, akabonyeza swichi ya gitaa iliyo pembeni. Swichi hiyo wengi huisahau. Tundu la kawaida linanyonya umeme mdogo wa pikapu kupita kiasi, na gitaa linaingia kama limefunikwa blanketi. Halafu mtu anashinda siku nzima akiilaumu programu.

Kukasikika mngurumo. Umeme wetu unatetema mara 50 kwa sekunde, na pikapu yenye koili moja inausikia mtetemo huo vizuri kuliko inavyosikia nyuzi. Mwalimu akachomoa chaja ya kompyuta, mngurumo ukapungua. Kisha, akiwa amekaa kwenye kigoda, gitaa mapajani, akaanza kugeuka taratibu kama mtu anayetafuta chaneli kwa antena. Kuelekea dirishani, mngurumo ukapanda. Kuelekea mlangoni, ukabaki. Alipoelekea kabati, ukazama karibu wote. Akasimama, akachukua chaki kutoka mfukoni akachora alama kwenye sakafu palipokuwa na miguu ya kigoda. Niligundua kwamba sakafuni palikuwa na alama nyingine za chaki, zilizofifia, za siku nyingine na nyimbo nyingine.

Ipo programu ndogo ya kuziba mngurumo, inaitwa geti: usipopiga, inafunga, ukipiga, inafungua. Nilimuuliza kwa nini asiitumie tu.

"Geti linafunga mlango. Mkia wa noti nao unataka kutoka."

Kiwango cha kuingia alikiweka kwa kupiga chodi kwa nguvu zote, kuliko atakavyopiga kwenye wimbo, akitazama mita ikiruka hadi desibeli 12 chini ya dari, isivuke hapo. Hapa mashine ya zamani na kompyuta zinatofautiana tabia. Amplifaya ya valvu ukiizidishia, inapinda. Inakoroma kidogo, na mkoromo huo ndio utamu wake. Kadi ya sauti inaandika namba mara 48,000 kila sekunde, na namba zikifika mwisho hakuna nyingine ya kuandika. Kilele cha wimbi kinakatwa kama kwa panga. Kwa hiyo mlangoni anaacha nafasi tele, na ukali wote anauahirisha mpaka ndani ya programu, ambako kila kitu kinaweza kufutwa.

Bafa aliikuta kwenye sampuli 256, yaani namba 256 kwa mkupuo, akaishusha hadi 64. Kompyuta hufanya hesabu kwa mafungu; fungu likiwa kubwa inapumua, lakini sauti inachelewa. Sampuli 256 ni zaidi kidogo ya milisekunde 5, ukiongeza na safari ya kurudi inazidi. Ni nini milisekunde 5? Sauti hewani inakwenda kama sentimita 34 kwa milisekunde moja, kwa hiyo ni sawa na kusimama hatua mbili kutoka kwenye spika yako. Mwalimu amesimama mbali kuliko hapo kwenye kumbi kwa maisha yake yote na hakuwahi kulalamika. Ila leo alitaka spika iwe kifuani.

Alipopiga kwa mara ya kwanza hapakuwa na amplifaya yoyote. Gitaa tupu. Sauti ilikuwa ya kukaushwa, fupi, haina mahali ilipotokea, kama mtu anayekusemesha kwa ndani ya sikio. Nilisubiri aiondoe haraka. Badala yake aliisikiliza kwa karibu dakika kumi, akipiga noti zile zile tatu kwa kucha, kwa ngozi ya kidole, karibu na daraja, karibu na shingo. Nje bodaboda zilipita, muuza kahawa aligonganisha vikombe vyake, msikitini wakaadhini, feni ilizunguka juu ya kasha la zamani. Hakuna hata kimoja kilichoingia kwenye rekodi, maana maiki haipo. Gitaa linasikia nyuzi zake tu. Katika mitaa yetu hiyo pekee ni sababu tosha ya kuwa na programu ya namna hii.

Na hilo gitaa tupu ndilo kompyuta inaloliweka. Amplifaya unaisikia wakati unapiga, lakini inayobaki kwenye diski ni sauti mbichi, na kesho unaweza kuivisha mashine nyingine bila kurudia kupiga. Vijana wanalipenda jambo hili kwa sababu linawaruhusu kuamua baadaye. Mwalimu halipendi sana kwa sababu hiyo hiyo.

Programu ilipofunguka ilimwaga picha za mashine kwenye kioo kama duka la Kariakoo. Utaratibu huu wa kuiga amplifaya kwa hesabu una umri wa kutosha: kijisanduku cha POD cha kampuni ya Line 6 ya Marekani kilitoka mwaka 1998, Wajerumani wa Native Instruments wakaleta Guitar Rig mwaka 2004, na leo zipo nyingine zinazogawiwa bure kabisa, kama Neural Amp Modeler, ambayo haiigi saketi bali inajifunza. Inapewa sauti iliyoingia kwenye amplifaya halisi na iliyotoka, kisha mtandao wa neva wa kompyuta unafanyishwa mazoezi mpaka uweze kubashiri ya pili kutokana na ya kwanza. Mtu mwenye mashine adimu sebuleni kwake Ulaya anairekodi namna hiyo, na mpiga gitaa wa Magomeni anaipakua ikiwa faili dogo kuliko picha ya simu.

Mwalimu anazo za aina hiyo kadhaa na anazisifia. Lakini siku hiyo hakuzigusa. Kwa kawaida faili la namna hiyo ni kama picha ya mnato: limeikamata mashine vifundo vikiwa pale vilipokuwa siku ya kurekodiwa. Yeye alitaka mashine anayoweza kuizungusha, na kwa hilo alihitaji programu iliyoiga saketi yenyewe, kipande kwa kipande.

Akapita mashine zote za rangi na mafuvu, akasimama kwenye mbili. Ya kwanza iliiga Roland Jazz Chorus, amplifaya ya transista ya Wajapani iliyotoka mwaka 1975. Ya pili Fender Twin Reverb, ya Kalifonia, ya mwaka 1963, yenye valvu nne kubwa za kusukuma nguvu, vile vichupa vya kioo vinavyong'aa rangi ya kaa la moto. Zote mbili zina spika mbili za inchi 12, na kila moja, ikiwa ya kweli, ina karibu kilo 30. Aliwahi kubeba mashine za uzito huo kupanda ngazi za kumbi, anasema, na mgongo wake bado unazikumbuka.

Akazilinganisha kwa namna ambayo sikuwa nimeifikiria. Kwanza alizisawazisha ukubwa wa sauti, akitazama mita, mpaka zikawa sawasawa. Iliyo kubwa zaidi, hata kwa desibeli moja, sikio litaiita nzuri. Ni udhaifu wa binadamu na hauna dawa. Kisha akafumba macho, akabonyeza kitufe cha kubadilisha mara nyingi bila kuhesabu, mpaka akapoteza kujua ipi ni ipi. Ndipo akasikiliza. Akabadilisha. Akasikiliza. Akabadilisha tena. Alipofumbua macho alikuwa kwenye Twin. Ile ya Kijapani ilikuwa safi mno kwa wimbo huu, aliniambia. Maji ya friji mtu anapotaka ya mtungi.

Kabla ya kwenda mbele alinionyesha kitu kimoja, kwa mzaha. Alizima sehemu ya programu inayoiga kasha la spika, akaacha amplifaya peke yake. Loo. Nyuki ndani ya debe. Spika ya gitaa ya inchi 12 haiwezi kutoa sauti kali zinazopita hezi 5,000 hivi, zinaporomoka. Na porojo zote mbaya za mashine zinaishi huko juu. Ukiiondoa spika, unazisikia zote. Kwa hiyo kile kipande cha karatasi kinachotikisika, ambacho kwenye lile kasha la kona kimechanika na kimesahaulika, ndicho kinachofanya nusu ya kazi.

Kisha vifundo. Mimi ningeanza kwa kuviweka vyote katikati, kama kwenye redio. Yeye alifanya kinyume: besi akaishusha hadi sifuri, trebo sifuri, na cha sauti za kati akakipandisha hadi mwisho. Nilidhani ameteleza. Akaniambia nisikilize. Sauti ilikuwa nyoofu, haina nundu wala shimo.

Saketi za Fender za namna ile, akaeleza, hazina usawa pale vifundo vinapokuwa katikati. Zimeundwa zikiwa tayari zimechimba bonde kwenye sauti za kati, na vifundo vitatu vinashikana mikono: ukigusa trebo, bonde linasogea, ukiongeza besi, unabadilisha pia anachoweza kufanya yule wa kati. Programu iliyotengenezwa vizuri inaiga hata ugomvi huo. Iliyotengenezwa ovyo inakupa vifundo vitatu vyenye adabu, kila kimoja na mambo yake, na ndivyo anavyoitambua.

Kutoka kwenye unyoofu huo akaanza kuchonga. Besi na trebo akazipandisha kidogo kidogo, akipiga noti moja, uzi wa kwanza, kibati cha kumi na mbili, tena na tena, na kila mara akisubiri noti ife yenyewe kabla ya kugusa tena. Nilijikuta nahesabu. Noti moja ilidumu sekunde sita, saba. Akapiga si chini ya arobaini. Kati ya noti na noti, mkono wa kulia ulisogea kutoka kwenye nyuzi hadi kwenye kipanya na kurudi, na haukuharakisha hata mara moja, kama wa mama anayechambua mchele.

Alipofika pale alipopataka, sauti ilikuwa nzuri. Pana, yenye nyama chini na mng'aro juu. Nikasema, "Hapo hapo, Mwalimu." Akatabasamu, akafungulia wimbo.

Sauti ile nzuri ikazama. Chini ilikuwa inapigana na gitaa la besi. Uzi mnene wa besi unatetema mara 41 kwa sekunde na mnene wa gitaa mara 82, ni majirani wa ukuta mmoja. Katikati kulikuwa na gitaa la rithimu, ambalo mpigaji wake alishajenga nyumba na kuhamia. Na juu ya hao wote kulikuwa na mwimbaji. Solo ilikuwa inasikika, ndiyo, lakini kama mtu anayezungumza kwenye harusi.

"Gitaa ukilisikiliza peke yake litakudanganya," alisema. 

Kuanzia hapo hakulisikiliza tena gitaa peke yake. Wimbo uliachwa ujirudie, kipande cha sekunde ishirini ambapo mwimbaji anamaliza mstari na solo inajibu. Besi akaipunguza mpaka mbili. Akakata kila kitu chini ya hezi 120. Sauti za kati akaziongeza pale ambapo rithimu haikai. Kila alichokigusa kilikuwa cha kupunguza isipokuwa hicho kimoja. Mwishowe akanizimia wimbo kwa muda nisikie alichofanya: gitaa limekuwa jembamba, la puani, hata la kusikitisha. Akarudisha wimbo, na lile jembamba likakaa kati ya sauti ya mwimbaji na rithimu kama mlango uliorandwa vizuri kwenye fremu yake.

Akachukua simu, akacheza rekodi ya Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz kwa sekunde kama kumi, akazima. Mbaraka alikufa kwa ajali ya gari mjini Mombasa mwaka 1979, na Mwalimu alimsikia akiwa mtoto kupitia Redio Tanzania, kwenye redio ya jirani. Nilidhani anataka kuiga sauti ile. Hapana. Alikuwa anasikiliza umbali: gitaa liko mbele ya mwimbaji kwa kiasi gani anaponyamaza, na linarudi nyuma kiasi gani anapoanza tena. Kisha akatoka nje kunywa kahawa. Masikio, kama ulimi, yakionja sana yanasahau. Tulikaa barazani robo saa tukizungumzia bei ya vitunguu.

Tuliporudi, umeme ukakatika.

Spika zikanyamaza na feni ikasimama. Kompyuta ikaendelea kwa betri, na kadi ya sauti nayo, kwa kuwa inakula humo humo. Mwalimu hata hakuguna. Akachomeka hedifoni, akavua shati akabaki na fulana, akaendelea. Kwa dakika arobaini zilizofuata sikusikia chochote isipokuwa nyuzi tupu za gitaa la umeme, ti, ti, ti, sauti ya kuku anayedonoa sufuria, huku uso wa mtu uliokuwa mbele yangu ukisikia kitu kingine.

Alikuwa amefika kwenye maiki. Kwenye kioo palikuwa na picha ya spika, duara kubwa la kijivu na kofia ndogo katikati, na mbele yake maiki unayoweza kuisogeza. Aliyoichagua iliiga SM57 ya kampuni ya Shure, maiki iliyoko duniani tangu mwaka 1965 na ambayo haijapata kupendeza macho. Nyuma ya picha hiyo kuna kazi ya mtu mwingine mwenye subira: aliyeketi studio na spika ya kweli, akaweka maiki mahali, akapitisha mlio wa kupimia, akaurekodi, akaisogeza maiki kidogo, akarudia. Kutokana na kila rekodi programu inapata alama ya spika isikikavyo pale maiki ilipokuwa. Kila sampuli ya gitaa lako, zile 48,000 za kila sekunde, inavuta nyuma yake mkia wa alama hiyo, na mikia yote inajumlishwa. Kompyuta inafanya hesabu hizo bila kutoa jasho. Aliyekuwa anatoa jasho ni Mwalimu.

Maiki ikielekea katikati ya kofia, sauti ni kali. Ikitoka kuelekea ukingo wa koni, inazidi kuwa ya giza. Kati ya hapo na hapo ni sentimita chache za spika ya kweli, na kwenye kioo ni upana wa kidole. Aliingia ndani ya upana huo na hakutoka. Alisogeza maiki kushoto, akapiga vibwagizo vinne vya solo, akaangalia ukutani. Akarudisha. Akaweka maiki ya pili, kwa mbali kidogo, na nikaona uso wake ukijikunja: sauti mbili za spika moja zikifika kwa nyakati tofauti hufutana baadhi ya sehemu, na tofauti ya sentimita chache inatosha kuzikondesha. Akaisogeza ya pili mbele, nyuma, mbele. Paji la uso likafunguka kidogo, likafunga tena. Akaifuta. Ikabaki moja.

Aliacha kutumia kipanya, akaanza kubonyeza kitufe cha mshale, kinachosogeza maiki kwa kiasi kidogo kuliko vyote programu inavyojua. Bonyezo moja, vibwagizo vinne. Bonyezo moja, vibwagizo vinne. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni na kudondokea kwenye mbao ya gitaa, akalifuta kwa kile kipande cha khanga bila kutazama. Mara moja aliinua kidole kimoja juu, kama anayeomba utulivu kwenye chumba ambacho tayari kilikuwa kimya.

"Unywele mmoja kushoto," alisema, akabonyeza, akapiga, na mabega yake yakashuka.

Umeme uliporudi kabla ya alasiri, spika zikatoa ule mlio wao, na akaucheza wimbo. Sitajidai kwamba ningeweza kuieleza tofauti kwa namba. Asubuhi solo ilikuwa imekaa mahali pake. Sasa ilikuwa na uso. Ilikuwa na ncha pale kucha inapougusa uzi, halafu mwili, na ile ncha haikuchoma.

Kifundo cha geini alikiacha mwisho, jambo ambalo wanafunzi wake huanza nalo. Alikuwa anatafuta mpaka mmoja: akipiga polepole gitaa liwe safi kabisa, akipiga kwa nguvu lianze kukwaruza kidogo. Tatu ilikuwa safi pote. Nne ilikwaruza mapema mno. Kati ya tatu na nne alikaa muda mrefu, akipiga noti ile ile kwa nguvu tano tofauti, na ningeweza kuapa kwamba aliweza kuipiga kwa nguvu tano zile zile kila alipoanza upya. Mashine ya kuiga inapimwa hapo, na mkono pia.

Iliyobaki ilikuwa eko. Wimbo ulikuwa na mapigo 125 kwa dakika. Alichukua biro, akaandika nyuma ya bahasha 60,000 akagawa kwa 125, akapata milisekunde 480 kwa pigo moja, akachukua robo tatu yake, 360. Akaiingiza, akasikiliza, akaivuta hadi 350, kwa sababu kwenye 360 mwangwi ulikuwa unajificha nyuma ya ngoma kwa adabu kupita kiasi. Kisha akaipunguza sauti yake mpaka nikasema siisikii tena. Akaizima. Papo hapo chumba kikawa kidogo. Akaiwasha, akaridhika, akahifadhi mpangilio wote kwa jina la wimbo na tarehe.

Solo aliirekodi mara tatu, akachagua ya pili. Dakika nane, labda tisa. Mwimbaji alipofika magharibi akasikiliza amesimama, akasema kuhusu sauti yake mwenyewe kwamba mstari wa tatu ameupinda, anataka kuurudia. Kuhusu gitaa hakusema lolote. Mwalimu akawa anafunga waya kwa mizunguko mipana, isivunjike ndani, akiitikia kwa kichwa.

Asubuhi iliyofuata saa kumi na mbili kasoro, simu yangu ikaita mlio wa ujumbe. Alikuwa amenitumia wimbo mara mbili, mafaili mawili, bila neno. Niliyasikiliza ndani ya daladala, sikio moja, nikidhani amekosea akatuma kitu kilekile. Nikayarudia nikiwa nimesimama kituoni. Mara ya tatu, nimeziba masikio yote mawili kwa viganja juu ya hedifoni, ndipo nikaing'amua tofauti: kwenye faili la pili maiki ilikuwa pale pale, trebo ile ile, na eko haikuwepo.